Gego la Nyuma, Kushoto

Usiku wa tatu sasa. Gego linagonga
kama mtu aliyefungiwa ghalani,
na mimi, Arusyak, binti wa Garnik daktari wa meno,
nimekaa jikoni, shavu limeumuka kama donge la hamira.
Theluji ya Gyumri imefika kimo cha dirisha.
Kila nikivuta pumzi, baridi inajua pa kupita.

Karafuu nimeuma. Maji ya chumvi nimesukutua.
Jirani Siranush kaleta pombe ya forosadi:
"Ishikilie mdomoni, usimeze."
Nikameza.

Daktari wa siku hizi ni Haykanush, msichana wa juzi.
Aliinua picha kwenye mwanga:
"Unaona kivuli hiki nchani mwa mzizi, kama punje ya dengu?
Usaha huo. Naweza kuusafisha mzizi,
uje mara nne, na siahidi kitu.
Au ning'oe Alhamisi. Dakika kumi."

Fedha za mara nne ni kuni za Januari na Februari.
Hesabu si ngumu.
Ugumu uko kwingine.

Ndani ya gego hili mna kiraka cha fedha
alichoziba baba mwaka wake wa mwisho.
Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka;
akaiegemeza kidevuni pangu, ikatulia.
Alinuka iodini na tumbaku.
Kiti chake cha kupanda na kushuka alikinunua kinyozi.
Saa yake anayo Vahram, ng'ambo, haikubali tena ufunguo.
Mimi nilirithi hiki tu,
na nimekitafunia miaka thelathini na mmoja.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo.
Sawa. Lakini jino bovu nalo
ni dawa ya nini? Hawakusema.

Saa tisa usiku namsikia,
si mzuka, ni homa na kumbukumbu,
akimwambia bibi mmoja aliyeng'ang'ania mkono wa kiti:
"Mama, jino ni mpangaji.
Halilipi kodi, linavunja vyombo,
nawe bado unalionea huruma?"
Na mama yake mzazi alimng'oa matano
kati ya chai na chakula cha mchana.

Alhamisi. Skafu hadi puani.
Sindano ya ganzi; ulimi unakuwa mgeni kinywani mwangu.
Koleo limelala kwenye sinia.
Haykanush anainama na kioo chake,
anasita.
"Nani aliziba hili?
Ubovu umeanzia chini kabisa. Hapa juu pamefunga,
hata unywele haupiti. Mkono kama huu
siku hizi hauonekani."

Namtazama. Vidole vyake viwili mdomoni,
nusu ya uso si yangu.
Najaribu kutamka jina.
Yanatoka mate.
Naye, akidhani naumia, ananifuta kidevu,
palepale,
anasema, "Pole, tunakaribia kumaliza,"
na hata hajaanza.