Ukelele Kabla ya Joto

Saa nne asubuhi, bonde la Tunka,
nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri.
Nafagia theluji kwenye masikio ya chuma,
antena baada ya antena, safu mbili zilizopishana
katikati ya misonobari.
Ufagio ni wa matawi. Wa plastiki huvunjika kama biskuti.

Mawingu yamefunga. Jua halionekani.
Haidhuru, mtambo huu hauna haja ya kuliona.
Unalisikia.

Ndani kuna jiko la kuni, chai ya maziwa na chumvi,
na kwenye skrini mstari umelala
kama mgonjwa aliyepata lepe la usingizi.

Saa tano na dakika kumi na mbili
mstari unaruka.

Dakika nane zilizopita, huko,
kamba za usumaku zilizojisokota siku tatu juu ya doa jeusi
zilikatika, zikajiunga upya kwa namna nyingine,
na elektroni, zimeshikwa na wazimu,
zikazizunguka kamba zile zikipiga ukelele
wa mawimbi mafupi, urefu wa kidole gumba,
ndugu wa yale yapashayo kiporo jikoni.

Pafukapo moshi pana moto, husemwa.
Kule utaratibu ni mwingine:
hutangulia ukelele, mkali, dakika mbili tu,
ndipo mng'ao wa eksirei hupanda polepole
kama sufuria inayokaribia kuchemka.
Jumlisha kila pigo la ukelele, moja juu ya jingine,
utapata kimo cha joto.

"Si kila mara, Sesegma," Innokenti angesema.
"Andika hivyo. Si kila mara."

Innokenti tulimzika Novemba,
ardhi ikipasuliwa kwa moto na sururu.
Zinaida alilia mara moja tu, ukumbini, simu bado mkononi,
sauti iliyopita kuta zote
kama kwamba kuta ni mawingu.
Kisha siku arobaini nyumba yake ikawa na joto:
watu, unga, mikate ya samaki, birika lisilopoa,
majirani waliokuwa hawasemezani
wakimenya viazi kwenye beseni moja.

Sikuwa na grafu ya kupima.

Naandika saa, nguvu ya mpigo, hali ya hewa.
Mng'ao sasa unapanda.
Pembeni naongeza, kwa kalamu yake iliyotafunwa kichwa:
*safari hii, ndiyo.*

Theluji imeanza tena. Ufagio uko wapi?