Hadi Kwenye Pipa la Buluu

Wiki ya kwanza hatukwenda popote.
Tulitoka langoni, Eithin, hatua kumi na nne,
ukakita kwato kwenye lami iliyolowa,
shingo wima kama bomba la moshi,
na moyo wako nikausikia kwa mapaja
ukibisha kama mtu aliyefungiwa nje.

Miaka tisa ulitembea nyuma ya mkia wa Taid.
Yeye ndiye aliyeliona gari la posta kwanza,
yeye aliyepima daraja, aliyewapuuza kondoo;
wewe uliisoma dunia kwenye makalio yake.
Oktoba tukamzika nyuma ya ghala la majani makavu,
na dunia ikakujia yote, bila mkalimani.

"Mchape," alisema Idwal, kaegemea ukuta wa mawe.
"Akikushinda leo, kakushinda maisha."
Idwal ana kondoo mia nne
na hajapanda chochote ila pikipiki ya magurudumu manne.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Lakini wewe hukuumwa.
Niliyeumwa ni mimi: Machi ya mwaka juzi,
mfuko mweusi wa plastiki juu ya miiba,
wewe upande huu, mimi upande ule,
mtulinga wangu ukalia *tak* kama kijiti.
Tangu siku hiyo nikikaa kwenye tandiko
hubana pumzi bila kujua,
nawe huuliza kwa ngozi yako yote:
Ameona nini?

Basi mazoezi yakaanza na mimi.
Nikawa nasema kwa sauti orodha ya dukani:
maziwa, betri, viazi, dawa ya minyoo,
soksi za Medwyn, maziwa tena,
kwa kuwa anayesema hana budi kupumua.
Hatua ishirini. Thelathini.
Siku ya tano, pipa la taka la kina Prydderch,
la buluu, kifuniko kikipigapiga upepo.
Nilishuka. Nikalala kifudifudi juu yake kama mlevi,
nikatafuna tufaha, nikakuachia kokwa
pale pale kwenye kifuniko.
Ulirefusha mdomo hadi nikadhani shingo itachomoka.
Ukala.
Tukarudi nyumbani kama watu waliotoka vitani.

Wiki nzima safari yetu ilikuwa hiyo.
Pipa, tufaha, nyumbani.

Alhamisi likawa halipo. Gari la taka
lilikuwa limelipeleka ng'ambo ya barabara.
Ukasimama mbele ya ile nafasi tupu
ukaikoromea,
ukaizunguka kwa mbali, macho meupe,
nami nikacheka, kisha sikucheka:
mimi pia kila asubuhi hukipita kibanda cha Taid
kwa kukizunguka.

Darajani tulishindwa. Mara mbili.
Mara ya tatu nilitembea mbele kwa miguu,
hatamu zimelegea, mgongo nimekupa,
bila kugeuka nyuma, maana anayegeuka
huwa anauliza.
Nikasikia mbao zikilia chini ya mtu mmoja.
Kisha chini ya wawili.

Leo tumefika juu, kwenye machimbo ya zamani ya vigae,
mvua ikija kwa ubavu, na chini kabisa
pipa, dogo kama kifungo cha shati.
Umelia. Kilio kile kirefu cha kumwita mwenzio
kimeshuka bonde, kimegonga mwamba, kimerudi
kikiwa chako mwenyewe.
Sikukupapasa. Sikusema nipo.
Viazi, nilisema. Betri. Chumvi.

Sikio lako moja lilibaki kule bondeni.
La pili, polepole,
kama mtu anayevuta kiti bila kutaka kusikika,
likageukia kwangu.

Tumeteremka kwa telki, hatamu ndefu.
Kesho kuna upepo mkali, wamesema.
Huenda tukaishia langoni.