Daftari la Zamu, Namponda

Bamvua. Mwezi umefika kumi na tano.
Daftari lina safu tatu: Kiumbe. Idadi. Maelezo.
Ya tatu nyembamba, linaenea neno moja tu,
kana kwamba aliyepiga mistari hakuwahi kufika huku.

Mikoko. Nimeanzia upande wa hori,
matope magotini, yakanivua kiatu kimoja.
Msinzi, mkandaa, na mchu unaopumua kwa vidole
vilivyochomoza topeni kama penseli za darasa la kwanza.
Nihesabu vidole, au nihesabu mti?
Niliandika: mingi. Nikafuta. Nikaandika: 212.

Kaa. Wale wenye gando moja kubwa
wananipungia, ufuko mzima.
Nikisogea wanaingia shimoni,
nikisimama wanatoka kunicheka.
Idadi: waulizwe wenyewe.
Bwana Nampindo wa ofisini atanuna. Na anune.

Ndege. Kulasitara wawili.
Membe sikuwamaliza, waliruka nilipofika mia na tisa.
Sululu mmoja, mdomo umepinda kama sindano ya magunia.
Shamte, anayetuendeshea boti, husema huyu katoka nchi za barafu.
Mimi nimetoka Msimbati tu
na tayari miguu inanilaumu.

Matumbawe.
Hapa kalamu hupunguza mwendo.
Maji yamekupwa, mwamba umetoa mgongo.
Kusini mawe yanachipua: zambarau, manjano ya binzari,
tasi wanachunga mwani kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi.
Kaskazini kuna shimo, duara kama sinia,
na ndani yake vifusi vyeupe, mifupa ya mkono.

Ya mkono. Nimeshaliandika neno, silifuti.
Kaka yangu Mfaume alikuwa na vidole kumi
mpaka asubuhi ile ya chupa, na baruti, na utambi mfupi.
Changu walielea, matumbo juu, wengi kuliko mashua.
Yeye alisimama majini, anatazama ulipokuwa mkono,
kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa.

Siku hizi anauza vocha, anakwangua kwa meno.
Nikirudi zamu haniulizi habari za kasa wala za mshahara.
Anahesabu chenji, hainui macho:
"Lile shimo, limejaa?"

Basi leo, kaka, nimepiga magoti ukingoni.
Nimeona tumbawe changa, moja,
pana kama ukucha wa dole gumba.
Jingine pembeni yake.
La tatu sina hakika, huenda ni jiwe.
Na kisamaki cha milia, hakina adabu,
kinanidonoa goti kana kwamba nimeingia nyumbani kwake
bila kupiga hodi.
Safu ya tatu haikutosha.
Nimelilaza daftari ubavu, nikaandika mpaka kwenye jalada.

Maji yanarudi. Haraka haraka, kasa:
sikumwona. Nimeona njia yake ya usiku,
ikipanda mchangani, ikishuka, pana kama ya toroli.
Kiota hatukukifukua. Shamte kachomeka kijiti, kitambaa chekundu.
Idadi: sijui. Maelezo: alikuja.

Kiatu nimekikuta horini,
kaa ndani, gando mlangoni.
Kutupa taka hifadhini ni kosa, sheria naijua,
mimi ndiye huwasomea wageni.
Nimevuta mara moja. Akavuta na yeye.

Nimerudi botini na mguu mmoja mtupu.