Saba za Odile

Odile huvuka mpaka kabla mikate haijatoka tanurini,
treni ya Mulhouse kwenda Basel, viatu vya kazi mfukoni.
Kule juma ni saa arobaini na mbili.
Mumewe, Thiébaut, habanduki upande huu:
thelathini na tano, sheria imekata,
Ijumaa mchana yuko bustanini akipalilia figili.

Mvua haiulizi pasi. Ukungu nao ni ule ule.
Nani basi alilipima juma kwa kamba mbili?
Huku, bunge.
Kule, kalamu ya mwajiri na sahihi yako.

Mshahara mnono, watu humwambia.
Odile hahesabu faranga. Huhesabu saba,
saba kila juma, zinabaki ng'ambo
kama mwavuli uliosahauliwa kitini.

Jumapili Thiébaut amepika supu.
Odile amelala mezani,
kijiko mkononi.