Sahani ya Kumi na Saba

Imeamka kijani.
Jana jioni niliilaza kwenye joto la mwili wa mtu,
nikaenda nyumbani, nikala mkate mkavu,
nikaomba: iwe manjano.

Manjano ni walao sukari, wengi wao wapita njia tu,
ijapokuwa kipindupindu naye huvaa rangi hiyohiyo.
Huyu sukari hakuigusa.
Amekaa juu ya lishe, duara, katikati kumeiva,
kama mgeni aliyekataa chai
na bado haagi.

Ni Februari, kiangazi cha Calbuco,
na mwaka huu bahari ya Chile imesahau kupoa.
Watu saba wamelazwa. Walikula kome wabichi arusini,
wakawakamulia ndimu,
kana kwamba ndimu ni moto.

Nikampaka kwenye karatasi ya dawa:
zambarau, kabla sijahesabu tano.
Nikampa mirija minne.
Usio na chumvi ulibaki mweupe, unaweza kusoma gazeti ng'ambo yake.
Wenye chumvi kidogo ukachafuka.
Wenye chumvi nyingi ukachafuka.
Wa mwisho, chumvi ya kuozesha ulimi, hapo ndipo aliposhindwa.
Mwana wa bahari, lakini bahari nayo ina kiasi.

Mtafutaji hachoki, husema wahenga,
akichoka keshapata.
Mimi nilichoka mapema. Nilikuwa natafuta kukosa.

Maana gunia lilikuja na kibandiko,
na kibandiko kina mwandiko ninaoujua,
ile "E" yenye mgongo uliopinda:
Edelmira Llancapani, kamba ya tatu, upande wa kaskazini.
Shangazi.
Karo yangu yote ilinuka kome.
Kila ukurasa nilioufunua kuwajua wadudu hawa
ulilipwa kwa ndoo, maji yakidondoka mlangoni kwa mhasibu.

Chini ya hadubini ni mkato tu,
mwekundu hafifu, umepinda kidogo,
alama ya kumwambia msomaji: vuta pumzi,
sentensi haijaisha.

Nikatia sahihi. Ufuo ufungwe.
Kisha nikapiga simu kabla barua haijafika,
jambo ambalo kanuni hairuhusu.

Alinyamaza. Nilisikia bomba likitiririka,
kisu kikiwekwa juu ya bati.
"Na hao saba," akauliza,
"maji yanakaa tumboni?"