Kiambatisho cha Tatu

Napanda Ndosho na tableti ya shirika,
betri asilimia arobaini,
soli za viatu zikitafunwa na mawe ya volkano.
Maswali ishirini na nane. Kaya kumi na mbili kwa siku.
Kila kaya nusu saa, salamu zikiwemo.

Mama Kasoki anafua. Hanikaribishi, hanifukuzi.
Anasukuma bidoni tupu kwa mguu: kiti changu.

Je, bomba la mradi linatoa maji?
Ndiyo. Hapana.

Ananitazama kama mke anayeulizwa
iwapo mume wake ni mtu mwema,
na mume mwenyewe kasimama mlangoni.

"Leo linatoa," anasema. "Leo mmekuja."

Anapangusa povu mikononi,
ananipeleka nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa mbao.
Makaa. Vijistari vya makaa, safu juu ya safu,
kutoka usawa wa goti hadi mkono wake unapofika.
Kila kijistari, siku moja bomba lilipokohoa likanyamaza.
Chenye mkia, siku aliyonunua maji ya chukudu
kwa bei aliyotaka mwenye chukudu.
Na duara moja, peke yake, pembeni:
"Hapo mtoto aliharisha. Hapo sikuhesabu."

Nalitafutia lile duara mahali katika swali la kumi na saba.
Tableti inataka namba.
Naandika sifuri, nafuta.
Naandika moja,
nafuta.
Betri asilimia kumi na tisa.

"Wa mwaka jana naye aliandika," anasema.
"Kijana mpole, alikunywa chai yangu.
Wa mwaka juzi, msichana wa miwani.
Mnakopa maneno nyumba kwa nyumba.
Nani kati yenu amerudi kulipa?"

Swali hilo halimo katika ishirini na nane.
Napiga picha ya ukuta. Nashukuru. Nashuka.

Ofisini, Wivine anaipenda picha.
Anaipenda kweli, anaikuza kwa vidole viwili,
anakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake.
Lakini jedwali halina safu ya makaa,
na mfadhili anasubiri asilimia kabla ya Ijumaa.
"Tia kwenye kiambatisho," anasema.

Basi ripoti inasema: mabomba themanini na sita kwa mia
yalikuwa yakitoa maji siku ya ziara.
Hakuna uongo humo.
Siku ya ziara. Maneno matatu,
upenyo mdogo
ambao kiangazi kizima kimetorokea.

Jumapili narudi, bila tableti, bila kizibao chenye nembo,
kurasa sitini na moja kwapani, zote Kifaransa.
Nakaa kwenye bidoni ileile, namfasiria.
Kwenye "wanufaika" ananisimamisha,
analizungusha neno mdomoni kama punje ya mchanga katika sombe.
"Ndio sisi?"
"Ndio ninyi."
Anacheka mpaka jirani anachungulia juu ya ua.
"Kiashiria" anakubali. "Uendelevu" ananiambia nirudie,
kisha anatazama bomba, kisha ananitazama mimi,
na mimi nafungua ukurasa mwingine upesi.

Tunafika kiambatisho cha tatu.
Picha yake, ndogo kama stempu, na chini yake maandishi yangu:
mistari sabini na mmoja.
Hasemi kitu. Anachukua karatasi, anazunguka nyuma ya nyumba,
namfuata.
Kidole kinapita juu ya mbao, polepole,
midomo ikicheza bila sauti.

"Siku ile ilikuwa sabini na minne," anasema.
Anainua picha, anaisogeza kwenye mwanga.
"Ona. Mitatu hii imefunikwa na kivuli chako."

Kweli: bega langu, na nusu ya kichwa.

"Kalamu," anasema.
Nampa.
Anaegemeza ripoti ukutani na kuanza kusahihisha,
na harakishi.