Ngeli Mpya

Toleo jipya lilishuka usiku wa Jumanne
kwa bando la bei nafuu, polepole,
nami ghorofani Kibuye, juu ya duka la Otiato la spea za pikipiki,
nikitafuna njugu, nikisoma orodha ya mabadiliko
kama asomaye barua ya mchumba aliyekaa ughaibuni:
umekonda? umenenepa? bado unanijua?

Zamani lugha hii ilikuwa jirani mpole.
Uliandika utakalo, ikaitika.
Leo namba, kesho jina, kesho kutwa hewa,
kigeu kilekile, kama sufuria ya bweni:
uji asubuhi, maharagwe mchana,
usiku maji ya kuoga.

Sasa inasema: kila kitu kitaje ngeli yake.

Nikacheka peke yangu.
Nikamkumbuka Mwalimu Khavetsa, darasa la sita, Mbale ya Vihiga,
na rula yake ya mvule.
"Gari yangu," nilisema.
"Gari nini?"
"Gari... langu."
"Na yakiwa mengi?"
Viganja vilipoa jioni. Upatanisho haujanitoka hadi leo.

Siku ya pili: kulinganisha kwa umbo.
Ile misururu yangu ya kama, la sivyo kama, la sivyo kama,
iliyoshuka ukurasa mzima mithili ya ngazi za jengo lisilo na lifti,
niliifumua. Mistari arobaini ikawa saba.
Nilijisifu? Nilijisifu. Nikajinunulia mandazi mawili ya ziada.

Siku ya tatu ndipo iliponikamata.
Nilikuwa nahamisha programu ya mizani
(si ya ushairi, ya miwa,
ya ushirika mmoja wa wakulima kule Awasi)
niliyoiandika mbio miaka sita iliyopita, nikidaiwa kodi.
Lugha ikagoma mstari wa mia mbili na kumi na nne:
uzito huu huenda haupo. Ukikosekana, utafanya nini?

Utafanya nini.
Nikatazama nilichofanya wakati ule:
usipokuwepo, andika sifuri.

Lakini sifuri ni jibu.
Sifuri ni trekta lililopanda mizani bila mua hata mmoja.
Kutokuwepo ni stima iliyopotea saa tisa,
karani aliyesema tutajaza kesho,
na kesho yenyewe.
Lugha ya zamani haikuona tofauti. Wala mimi.

Nikazisaka. Sifuri kumi na tisa.
Nne ni za Peres Aloka, shamba namba 0371,
aliyewahi kupanda hadi ofisini, risiti ya dereva ndani ya pakiti ya unga,
akaniuliza: "Basi trekta lilibeba nini? Upepo?"
Nikamjibu kwa ule upole wa wataalamu:
"Mama, kompyuta haidanganyi."

Haikudanganya. Ilinyamaza,
nami nikakitafsiri kimya chake.

Vimebaki vipengele kumi na kimoja sijavisoma.
Vingoje. Naandikia ushirika barua.
Uzito wenyewe siujui,
na hilo sasa naruhusiwa kulisema: haujulikani.
Ila miwa ilifika, naandika, na tani zilikuwepo,
nazo ni zake.

Zake. Nalikagua neno hilo mara mbili,
kiganja kimefumba.